Pete ya Ndoa Mezani pa Kamari



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mume na mke walinisubiri nje ya kanisa. Ninawafahamu vizuri kwa sababu walipitia kwangu mafundisho ya ndoa. Mama alikuwa ameshika simu ya mumewe. Akaniambia, "Mwalimu, hebu muulize baba watoto wangu karo ya muhula huu iko wapi." Mume akaangalia chini. Baada ya kimya kirefu akasema, "Mwalimu, mimi sikutaka kuila hiyo karo. Nilitaka tu kurudisha zile nilizokuwa nimepoteza."

Ndugu msomaji, yashike maneno hayo: kurudisha zilizopotea. Nimeyasikia kwa vijana na kwa wazee, kwa waume na kwa wake pia. Siku hizi mtu hahitaji kuvaa suti na kwenda kasino mjini. Anabeti kwa simu akiwa kitandani, na mwenzake amelala kando yake hajui lolote. Lakini ugonjwa wenyewe si mpya. Ndiyo maana leo nimechagua tusome maisha ya wacheza kamari watatu ambao dunia inawakumbuka: daktari, mwandishi na mtakatifu. Someni pamoja, mume na mke, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

1. DAKTARI ALIYEIJUA HESABU

Girolamo Cardano alizaliwa Pavia, Italia, mwaka 1501. Alikuwa daktari na bingwa wa hesabu. Kitabu chake cha aljebra kilichotoka mwaka 1545 kinatajwa na wanahesabu hadi leo. Tena alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuandika kitabu juu ya hesabu ya bahati. Alieleza kwamba dadu ikiwa ya haki, kila upande una nafasi sawa na mwingine, na ukirusha dadu mbili kuna njia 36 za kuanguka. Katika kitabu hicho hicho alisema kwamba faida kubwa kuliko zote katika kamari ni kutocheza kabisa. Kilichapishwa mwaka 1663, miaka mingi baada ya yeye kufa.

Je, elimu hiyo ilimwokoa? Hapana. Mwaka 1531 alimwoa Lucia. Kazi ya udaktari ilikuwa haijamletea riziki ya kutosha, maana chama cha madaktari wa Milan kilimkataa kwa sababu hakuzaliwa ndani ya ndoa. Badala ya kuvumilia na kusubiri, Cardano alitegemea kamari imjazie pengo. Vito vya mkewe vikawekwa rehani, vikafuatwa na vyombo vya nyumba. Mwishowe familia ilijikuta katika nyumba ya maskini mjini Milan. Fikiria Lucia, mke wa daktari msomi, akilala mahali wanapohifadhiwa wasio na makao.

Baadaye Cardano alifanikiwa na kupata sifa kubwa, lakini mchezo haukumwacha. Alipokuwa mzee aliandika habari za maisha yake, akakiri kwa aibu kwamba alicheza sataranji kwa zaidi ya miaka 40 na dadu kwa miaka kama 25, tena si mara moja moja bali kila siku. Mwanawe mmoja, Aldo, alikua akawa mcheza kamari na mwizi, akamwibia hata baba yake mwenyewe.

Tunajifunza nini? Kwanza, usiseme, "Mimi nina akili, ninajua timu zote za Uingereza, siwezi kushindwa." Aliyeijua hesabu kuliko wote wa wakati wake aliweka rehani vyombo vya mkewe. Pili, watoto hawajifunzi kwa yale tunayowaambia tu. Wanajifunza kwa yale wanayoona mikononi mwetu.

2. MWANDISHI NA MKEWE MCHANGA

Wa pili ni Fyodor Dostoyevsky, mwandishi wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1821. Ndugu yake Mikhail alifariki mwaka 1864, na Dostoyevsky akajitwika madeni yake. Wakati huo alikuwa tayari ameonja mchezo wa ruleti huko Ujerumani. Ruleti ni gurudumu lenye namba. Linazungushwa, kigololi kinatupwa ndani, na watu wanaweka pesa kwenye namba wanayodhani kigololi kitasimama. Mwaka 1863 alishinda pesa nyingi mjini Wiesbaden. Pengine siku hiyo ya kushinda ndiyo iliyomharibu zaidi kuliko siku zote za kushindwa. Mwaka 1865 alirudi mji ule ule, akapoteza zote kwa siku chache, hata hoteli ikakataa kumpa chakula cha mchana.

Akiwa katika shida hiyo ya madeni, alitia sahihi mkataba mbaya. Alitakiwa atoe kitabu kipya kufikia tarehe 1 Novemba 1866, la sivyo mchapishaji angemiliki vitabu vyake kwa miaka tisa bila kumlipa. Zilipobaki wiki nne tu, aliajiri msichana wa miaka 20 aliyejua hati mkato, jina lake Anna. Yeye akasema, Anna akaandika, na kitabu kikaisha kwa siku 26. Kinaitwa "Mcheza Kamari". Februari 1867 walifunga ndoa.

Ungefikiri kwamba mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya kamari ameshapona. Sivyo. Miezi michache baada ya arusi walikuwa Baden-Baden, Ujerumani, na Anna alikuwa mjamzito. Kila siku mume alikwenda kwenye gurudumu. Aliporudi mikono mitupu, alimpigia mkewe magoti, akalia, akaomba msamaha, kisha akaomba pesa nyingine. Waliweka rehani hereni na bruchi ambazo yeye mwenyewe alimpa Anna kama zawadi ya arusi. Nguo za Anna zikaenda, koti la mume likaenda, hata pete zao za ndoa zikaenda kwa mkopeshaji. Siku aliposhinda alizikomboa, akanunua matunda na maua, na nyumba ikajaa furaha. Kesho yake zikarudi rehani.

Dostoyevsky aliamini kwamba mtu akituliza akili na kucheza kwa mpango, hawezi kukosa kushinda. Hebu tupige hesabu ya darasa la nne. Gurudumu la kawaida la Ulaya siku hizi lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka shilingi 100 kwenye namba moja na ikatokea, unapewa 3,500 pamoja na 100 yako, jumla 3,600. Sasa tuseme umecheza mara 37, na kila namba imetokea mara moja. Umetoa 3,700, umepokea 3,600. Mwenye meza amebaki na 100, bila wizi wowote, bila uchawi wowote. Kituliza akili hakibadilishi hesabu hiyo, na maombi ya novena hayaibadilishi. Kampuni za kubeti mechi nazo hupanga malipo yao kwa njia hiyo hiyo: siku moja moja utashinda, lakini ukiendelea, chombo kinavuja upande wako.

Mtoto wao wa kwanza, Sonya, alizaliwa Geneva mwaka 1868, akafa akiwa na miezi mitatu tu kwa ugonjwa wa mapafu. Sisemi kwamba kamari ndiyo iliyomwua. Lakini wazazi wale walimzika mtoto wao ugenini, bila ndugu na bila akiba. Walikuwa wametoka kwao kwa miezi mitatu, wakakaa miaka minne.

Mwezi wa Aprili 1871 Dostoyevsky alikwenda tena Wiesbaden, akapoteza pesa zote. Alimwandikia mkewe atume nauli ya kurudi. Nauli ikaja, nayo akaicheza, ikaisha. Ndipo akamwandikia Anna barua ya kukiri yote, akisema ile ndoto mbaya iliyomtesa karibu miaka kumi imemtoka, na kwamba tangu sasa atafikiria kazi. Ahadi kama hizo alikuwa ametoa nyingi. Safari hii aliishika. Hakucheza tena mpaka alipofariki mwaka 1881.

Wanawake wengi wataniuliza, "Basi Anna alifanyaje?" Tuwe wakweli hapa. Kwa miaka minne Anna alivumilia, hakumsuta, na kila alipoombwa pesa alitoa. Uvumilivu wake ulikuwa wa ajabu, na ulimsaidia mumewe asikate tamaa. Lakini pesa alizotoa hazikumponya. Kila sarafu iliyotumwa "mara ya mwisho tu" ilikwenda mezani. Mambo yalitengemaa waliporudi Urusi mwaka 1871, Anna aliposhika mambo ya fedha. Yeye ndiye aliyekutana na wadai uso kwa uso na kupatana nao malipo ya kidogo kidogo. Mwaka 1873 walianza kuchapisha vitabu vya mumewe wenyewe na kuviuza nyumbani kwao, na biashara hiyo aliiongoza Anna. Mume akabaki na kazi yake ya kuandika. Kitabu chake kikubwa cha mwisho, kilichokamilika mwaka 1880, alimtolea mkewe.

Jambo lingine linafaa kusemwa: mwishoni mwa mwaka 1872 serikali ya Ujerumani ilifunga nyumba zake za kamari. Mtu aliyeamua kuacha husaidiwa sana mlango unapofungwa. Tutalirudia hilo.

3. ASKARI ALIYEPOTEZA SHATI

Kamilo wa Lellis alizaliwa Bucchianico, Italia, mwaka 1550. Mama yake alifariki Kamilo akiwa bado mtoto. Baba yake alikuwa askari na mcheza kamari, na mwana akafuata nyayo katika yote mawili. Alikuwa mrefu sana wa umbo, mwenye hasira, na mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Kidonda hicho kilimpeleka katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo mjini Roma. Walimpa matibabu, naye akawa akifanya kazi ya utumishi humo, lakini wakamfukuza kwa sababu ya ugomvi na kucheza karata.

Alirudi vitani. Mwaka 1574, mjini Naples, alicheza mpaka akapoteza kila kitu, hata shati la mwilini. Mtu aliyeogopwa vitani akawa anaombaomba mlangoni pa kanisa mjini Manfredonia. Hapo akapewa kazi ya kibarua katika ujenzi wa nyumba ya watawa Wakapuchini. Tarehe 2 Februari 1575, baada ya mtawa mmoja kuzungumza naye juu ya roho yake, alishuka njiani kutoka kwa mnyama aliyempanda, akapiga magoti, akalia dhambi zake. Alikuwa na miaka 24.

Alitaka kuwa Mkapuchini, lakini kidonda cha mguu kikamrudisha. Basi akaenda wapi? Alirudi katika hospitali ile ile iliyomfukuza. Alianza kuwaosha wagonjwa na kuwalisha, na mwishowe akafanywa msimamizi wake. Aliyefukuzwa kwa karata akakabidhiwa funguo. Alipata padri wa kumwongoza, Mtakatifu Filipo Neri, na mwaka 1584 yeye mwenyewe akapewa upadri. Alianzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, ambalo Papa Sixtus V alilikubali mwaka 1586, na watawa wake huvaa msalaba mwekundu kifuani. Alifariki tarehe 14 Julai 1614, akatangazwa mtakatifu mwaka 1746. Leo ni msimamizi wa wagonjwa, wauguzi na hospitali. Watoto wake wa kiroho wako hata hapa kwetu. Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Kamilo huko Karungu, Migori, kando ya Ziwa Victoria, ina jina la mtu aliyewahi kupoteza shati lake kwa karata.

Kwa hiyo wewe mke usiseme, "Huyu hawezi kubadilika." Na wewe mume usiseme, "Nimechafuka mno." Lakini angalieni vizuri jinsi Kamilo alivyobadilika. Hakuokolewa na ushindi mkubwa uliomrudishia vyote. Alikubali kwamba zilizopotea zimepotea, akaanza kazi ya kibarua.

4. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kabla ya yote, Kanisa linafundisha nini? Katekisimu, namba 2413, inaeleza kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si dhambi kwa yenyewe. Huwa ovu inapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa riziki yake na ya wengine, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi usichanganyikiwe ukiuziwa tiketi ya bahati nasibu ya kujenga jengo la parokia. Jiulize hivi: pesa hii ni ya nani? Ikiwa ni karo, kodi ya nyumba, dawa au unga, si yako peke yako hata kama mshahara umeingia kwa jina lako.

Sasa haya machache, yaliyotokana na maisha tuliyosoma:

Kwanza, acheni kabisa neno "kurudisha". Pesa iliyopotea katika kamari izikeni kama mnavyozika maiti. Ni uchungu, lakini maiti haifukuliwi. Mnyororo unaomfunga mchezaji ni kutaka kurudisha, maana kila anayerudisha huongeza shimo.

Pili, siri itoke. Mwenye kosa aandike kwenye karatasi moja madeni yote: ya simu, ya chama, ya Sacco, ya rafiki, ya dukani. Yote, hata lile la aibu zaidi. Dostoyevsky alipona alipokiri yote bila kubakiza. Nawe unayeambiwa, sikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Ukipiga kelele kwenye deni la tatu, deni la nne hutaliona kamwe.

Tatu, kusamehe ni jambo moja, na kumkabidhi pesa ni jambo lingine. Msamehe leo. Pesa ipite kwa macho mawili mpaka uaminifu uote tena. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni, na wadai walipwe mkononi, si kupitia kwa aliyekuwa akicheza. Mume, usione hiyo ni kudharauliwa. Dostoyevsky alikuwa mtu mkubwa, na mkewe ndiye aliyeshika kitabu cha hesabu.

Nne, fungeni mlango. Akaunti za kubeti zifungwe, na programu zake zifutwe kwenye simu mkiwa wote wawili mmekaa. Ziombeni kampuni zenyewe zimzuie. Epukeni kibanda ambacho mazungumzo yake ni mechi za kubeti tu. Na wakati uliokuwa wa kamari upewe kazi nyingine: shamba, kwaya, watoto, Jumuiya Ndogo Ndogo.

Tano, msifiche ugonjwa huu kwa aibu. Mwendeeni padri, au wasimamizi wenu wa ndoa, au mshauri wa hospitali. Na mwenzako akianza kusema kwamba afadhali afe kuliko kulipa madeni, usidhani ni maneno tu. Usimwache peke yake, mtafutie msaada siku hiyo hiyo. Deni hulipwa, lakini uhai haurudi.

Sita, akianguka tena, msianze kuhesabu kutoka sifuri kwa matusi. Kaeni, mwandike lililotokea, mfunge mlango ulioachwa wazi, mwendelee.

Wale mume na mke niliowataja mwanzoni, tuliketi nao kwenye benchi nje ya kanisa mpaka saa nane mchana. Waliandika karatasi yao nyuma ya bahasha ya zaka. Ilijaa pande zote mbili. Mama alilia alipoona jumla. Kisha akamwambia mumewe, "Sasa angalau najua tunapigana na nini." Mtoto alikaa nyumbani wiki mbili, halafu shule ikakubali walipe kwa mafungu. Bado wanalipa. Simu ya mume sasa hulala mezani, si chini ya mto, na mke akitaka kuiangalia anaiangalia.

Mliposimama mbele ya altare, mlivishana pete kuwa ishara ya upendo na uaminifu. Kama leo iko mezani pa kamari, ikomboeni ninyi wawili, kidogo kidogo, kwa kazi za mikono yenu.

MASWALI YA KUJADILIANA, MUME NA MKE

1. Je, kuna pesa inayoingia au kutoka nyumbani kwetu ambayo mmoja wetu haijui? Kwa nini?

2. Ni mlango upi wa kamari ulio karibu nasi: simu, rafiki, kibanda, au hamu ya kutajirika haraka?

3. Watoto wetu wakituiga jinsi tunavyotumia pesa, watakuwa watu wa namna gani?

4. Mmoja wetu akiwa na jambo la kukiri kuhusu pesa, mwenzake afanye nini ili aweze kulisema lote?

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu. Mtakatifu Kamilo, utuombee.